Nilivyobeba sensa ya presha ya Mercedes ya baba mpaka Mombasa

Watu wameniuliza sana kuhusu ile 350SE, ilikuwaje ikaacha kutoa moshi, na kila mara najibu kwa kifupi halafu mtu anabaki na maswali mengi kuliko alivyokuja. Sasa leo niandike yote, manake ukweli ni kwamba mambo yote yalikuwa kwa kidude kimoja kinachotoshea kwa kiganja.

Gari ni ya baba, Mercedes 350SE ya 1974, V8 ya lita 3.5. Mzee aliiendesha miaka na miaka hapa Nairobi, baadaye macho yakamsumbua akaiacha kwa banda, sisi tukawa tunaiwasha mara moja moja tu betri isife. Nilipoamua kuirudisha barabarani iliwaka, tena vizuri, lakini ikishapata joto inaanza kunguruma ikipanda na kushuka kama mtu anapumua kwa shida, moshi mweusi nyuma, plagi ukitoa ni nyeusi ti kama zimepakwa masizi ya jiko, na mafuta ilikuwa inakunywa hadi nikawa naogopa kuitoa. Haikuwa inafika kilomita 4 kwa lita moja. Gereji ya kwanza niliyoenda wakaniambia toa huo mfumo wote weka kabureta, utalala usingizi. Na nimeona gari nzuri sana mjini zimefanyiwa hivyo, mfumo mzima umetupwa kwa sababu ya kitu ambacho kingetengenezwa mezani. Hilo jambo huniuma mpaka leo.

Mfumo wenyewe unaitwa D-Jetronic, wa Bosch. Hiyo D ni ya neno Druck, Kijerumani cha presha. Ulianza 1967 kwa Volkswagen 1600 zilizokuwa zinaenda Marekani, kule sheria za moshi zilikuwa zimeanza kubana, na wazo lilikuwa na mizizi ya Kimarekani, Bendix walijaribu kitu kama hicho miaka ya 50 mwishoni wakashindwa kukisimamisha sokoni, Bosch wakapata leseni. Baadaye ukaenda kwa Volvo, Citroën DS, Saab 99, Porsche 914, na Mercedes kadhaa mpaka katikati ya miaka ya 70. Kama una gari ya hiyo miaka yenye injekta za umeme (vidude vinavyonyunyiza mafuta kwa injini) na haina kile kibao kikubwa cha kupima hewa pale mwanzo wa njia ya hewa, kuna uwezekano mkubwa uko nayo.

Jinsi unavyofanya kazi ni kitu cha kupendeza. Kompyuta yake haipimi hewa inayoingia. Inauliza swali moja kubwa: ndani ya manifoldi, yaani bomba linalogawa hewa kwa silinda, presha ni ngapi sasa hivi? Ikijua presha na mwendo wa injini inakisia hewa iliyoingia, halafu inaongeza au kupunguza kidogo kulingana na joto la injini na la hewa. Anayejibu hilo swali ni ile sensa. Ni kopo la chuma lenye paipu ya mpira kutoka kwa manifoldi, ndani kuna vikopo viwili vidogo vya bati jembamba vilivyotolewa hewa yote, vimeshikana na kipande cha chuma kinachoteleza ndani ya koili. Presha ikipanda vikopo vinabanwa, chuma kinaingia zaidi kwa koili, indaktansi (nguvu ya koili kupinga mabadiliko ya umeme) inapanda, kompyuta inaacha injekta wazi muda mrefu zaidi. Presha ikishuka vikopo vinavimba, chuma kinatoka, mafuta yanapungua. Hakuna kitu kingine hapo cha kielektroniki, ni koili na bati. Na nyuma ya hivyo vikopo kuna kiwambo cha chuma chembamba, upande mmoja kinaona presha ya manifoldi na upande wa pili kinaona hewa ya nje. Ukiendesha kawaida vakyumu, yaani mvuto wa hewa wa injini, inakivuta kinakaa kwa kituo chake, ukikanyaga mpaka chini vakyumu inaisha, kiwambo kinarudi na kusukuma vikopo na chuma vyote kwa pamoja ili injini ipate mafuta ya ziada.

Hicho kiwambo ndicho kinakufa. Kimekunjwa na kukunjuliwa kila mara mtu akikanyaga na kuachia kwa miaka 50.

Kabla hujagusa hiyo sensa lakini, tafadhali, pima vingine vyote. Presha ya mafuta iwe karibu bar 2 na isicheze. Sensa ya joto la maji iwe kama ohm 2,500 injini ikiwa na nyuzi 20 na ishuke mpaka kama 300 ikifika 80. Angalia mipira ya vakyumu yote, yaani yote, bonyeza kila mmoja na vidole. Angalia zile kontakti ndogo chini ya distribyuta zinazoiambia kompyuta wakati wa kufungua injekta. Nimeona mtu amefungua sensa nzima kumbe mpira wa shilingi mia umepasuka pale nyuma hauonekani.

Kwangu hivyo vyote vilikuwa sawa, ndo nikaja kwa sensa. Kwanza umeme, hiyo ni dakika mbili na multimita. Plagi ya waya ya sensa ina pini nne. Kati ya 7 na 15 utapata kama ohm 90, kati ya 8 na 10 kama 350, na kati ya pini yoyote na bodi usipate kitu kabisa. Yangu ilipita. Pili vakyumu. Nikaunganisha pampu ya mkono yenye geji, nikavuta mpaka inchi 15 za zebaki, nikaachilia mkono, nikaanza kuhesabu. Sensa nzima inafaa ikae dakika tano na sindano isitikisike. Mimi sikufika sekunde kumi. Sindano ilirudi sifuri taratibu huku nikiisikia, kabisa nikiisikia, ssss ndogo kutoka upande wa nyuma.

Hapo ndo utajua kwa nini moshi mweusi. Hewa ya nje inaingia kupitia ufa, presha ndani ya kopo inapanda kuliko ile iliyoko kwa manifoldi, kompyuta inaambiwa injini ina mzigo mkubwa, inamwaga mafuta.

Nikatandika kitambaa cheupe juu ya meza ya jikoni, nikafungua. Kwanza nikaona kitu sikukipenda: ile nta ngumu ya kiwandani inayoziba tundu la skrubu ya kurekebisha haikuwepo, mtu alikuwa ameitoa zamani akapaka silikoni. Nikaweka hiyo akilini. Halafu kiwambo chenyewe, nikakiinua kwa mwanga wa tochi, ufa mwembamba kama unywele, umefuata mkunjo wa duara kama robo hivi ya mzunguko. Nikikibonyeza kidogo na ncha ya kidole unafunguka, nikiachia unajifunga, kama mdomo wa samaki. Ukikiangalia kimetulia tu mezani huoni kitu. (Hicho kiwambo cha asili ni shaba iliyochanganywa na berili. Usikipige msasa hata kidogo, vumbi lake ni sumu kwa mapafu.)

Kiwambo kipya kiliagizwa Ulaya, kuna watu wanavichonga. Kilikuja, nikakifunga, nikavuta inchi 15, nikaenda kunywa chai nikarudi, sindano iko palepale. Nilifurahi sana jamani. Nikafunga kwa gari, nikawasha.

Ikawa mbaya kuliko mwanzo.

Haikutoa moshi tena, lakini ukikanyaga inakohoa kupitia juu, inasita, haina nguvu, plagi nyeupe kama chaki. Mafuta kidogo mno. Nilikaa kwa hiyo gari na ufunguo mkononi nikiwa sielewi, mpaka nikakumbuka ile silikoni. Kiwambo kilianza kuvuja miaka mingi iliyopita, fundi wa wakati huo akaona gari inamwaga mafuta, akafungua tundu akageuza skrubu kupunguza. Ufa ukakua, moshi ukarudi, labda akageuza tena. Sasa mimi nimeondoa uvujaji lakini ile skrubu bado iko vile aliiacha, inapunguza mafuta ambayo hayaongezwi tena na mtu. Kwa hivyo kubadilisha kiwambo ni nusu ya kazi, na kama skrubu imewahi kuguswa basi hata nusu haifiki.

Sasa kurekebisha. Hapa kifaa unachohitaji ni mita ya LCR, ile inayopima indaktansi, za bei nafuu zipo siku hizi. Rafiki mmoja akanitumia jedwali la namba lililopimwa na mtu Ulaya kwa sensa ya namba ileile kama yangu: ukivuta inchi 0 inasoma hivi, inchi 15 inasoma hivi. Nikavuta 15, nikapima, yangu iko chini kabisa ya jedwali. Sawa, nikageuza skrubu nikaipandisha mpaka ikalingana. Nikarudisha kwa gari. Moshi mweusi.

Nilirudia hiyo kitu mara tatu, Jumamosi tatu, kila mara nalinganisha na jedwali vizuri kabisa na kila mara gari inamwaga mafuta. Jibu nililipata kwa simu yangu. Baadhi ya simu zina barometa ndani na watu hawajui, ukiweka programu yake inakusomea presha ya hewa hapo ulipo. Niliifungua tu nikiwa gereji nikaona millibar 831. Hapo pwani, usawa wa bahari, hewa ni karibu 1,013. Nikaweka mita chini.

Elewa hivi. Geji ya pampu haikuambii presha iliyomo ndani, inakuambia umetoa ngapi kutoka kwa hewa iliyoko hapo ulipo. Usawa wa bahari hewa ni inchi 29.9 za zebaki, ukivuta 15 zinabaki 14.9. Nairobi hewa yenyewe ni kama inchi 24.5, ukivuta 15 zinabaki 9.5. Na vile vikopo vimetolewa hewa yote, havijui Nairobi wala Hamburg, vinaona kile kilichobaki tu. Kwa hivyo mimi nilikuwa napima sensa kwa 9.5 na kuilazimisha isome kama iko 14.9. Lazima imwage mafuta! Kupata kitu kilekile alichopata yule wa Ulaya kwa kuvuta 15, mimi Nairobi natakiwa kuvuta 9.6 tu. Hii sijaiona mahali imeandikwa kwa ajili ya watu wa huku juu, na ndiyo sababu hasa ya mimi kukaa niandike haya yote, manake fundi wa Nairobi, Nakuru, Eldoret, Arusha, Addis, anaweza kufuata maagizo neno kwa neno na bado aharibu sensa nzuri.

Basi si unabadilisha hesabu tu? Kwa sehemu ya katikati ndiyo. Lakini juu, pale inchi 0 mpaka kama 5 za usawa wa bahari, Nairobi hufiki. Hiyo hewa haipo huku. Na ndipo kiwambo kinapofanya kazi yake ya kuongeza mafuta, na chenyewe hakiangalii kilichobaki, kinaangalia tofauti ya ndani na nje. Vitu viwili ndani ya kopo moja, kila kimoja kinasoma kwa namna yake. Ukitaka kuviseti vyote viwili vizuri kwa gari itakayoshuka pwani na kupanda tena, lazima upime pwani.

Kuna mzee mmoja Kizingo, Mombasa, ana 350SE kama yangu, rafiki ya baba wa siku nyingi. Nikampigia. Kitu nilichotaka kwake si hewa peke yake, nilitaka sensa yake, kwa sababu ya hii habari ya mita. Koili yenye chuma ndani inasoma tofauti kulingana na mita inapima kwa hezi ngapi (mitetemo ya umeme kwa sekunde), mita moja inapima kwa 100, nyingine kwa 1,000, namba hazifanani hata kama sensa ni moja. Ndiyo maana sitaandika hapa namba zangu za henri (kipimo cha indaktansi), zitakupoteza. Jedwali bora ni sensa nzima isiyoguswa, ikae kando ya yako, mita moja, siku moja.

Nikapanda treni na sensa ndani ya kisanduku cha viatu. Barometa nilikuwa naiangalia njia nzima, inapanda inapanda, Mtito, Voi, Mariakani, kufika kwa mzee ni 1,010.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, karibu. Babako hajambo? Kaa kwanza unywe kahawa, hicho kidude hakiendi popote."

Sensa yake alikuwa ameshaitoa mwenyewe, ameifuta, ameiweka juu ya gazeti barazani. Nta ya kiwandani imo, haina hata mkwaruzo. Akaniambia, "Hii haijaguswa na mtu, na wewe usiiguse skrubu yake. Pima tu." Nikamwapia.

Tulichofanya ni hivi. Badala ya kuvuta moja halafu nyingine, niliweka paipu ya T, pampu moja, sensa mbili. Kwa hivyo hata geji yangu ikiwa ni ya uongo haijalishi, zote mbili ziko kwa presha moja. Zote zimelazwa vile zinavyokaa kwa gari. Halafu 0, 3, 6, 9, 12, 15, 18, kila hatua nasubiri, nagonga kidogo na mpini wa bisibisi ili chuma kisinate, mzee anasoma mita, mimi naandika safu mbili kwa daftari. Na nilijifunza kwenda upande mmoja tu, kuvuta kutoka 0 kwenda 18, ukirudi nyuma namba zinatofautiana kidogo. Mzee alishtuka kidogo kuona ohm zangu ni 93 na kule Nairobi niliandika 89, lakini hiyo ni joto tu, waya wa shaba ukipata joto ohm zinapanda, na ile baraza saa nane mchana ilikuwa imechemka.

Safu yangu ilikuwa juu ya yake kila mahali, kama asilimia 5 pale kwa 15. Skrubu ya katikati inasogeza mstari mzima, kwa hivyo unaanza nayo, na unaigeuza kidogo mno, upana wa kama dakika mbili kwa uso wa saa, unapima tena, usiigeuze robo mzunguko hata siku moja. Ilituchukua zaidi ya saa moja mpaka 6, 9, 12, 15 na 18 zikakaa pamoja na za mzee. Ndipo tukaenda juu, 0 na 3, pale yangu bado ilikuwa imepita, nikarekebisha kile kituo cha nje kinachozuia kiwambo kikirudi. Halafu tena kutoka mwanzo, kwa sababu ukigusa kimoja lazima uangalie kingine. Adhana ya alasiri ikatukuta hapo, mzee akaenda kuswali, mimi nikabaki nikirudia safu yote peke yangu. Mara ya mwisho hakuna hatua iliyozidi tofauti ya asilimia moja.

Nairobi nikaifunga kwa gari na nikaweka sensa ya lambda kwa ekzosti, ile inayoonyesha hewa ni mara ngapi ya mafuta, nilichomelea kishikio chake kabla ya silensa. Sikuamini macho. Mwendo wa kawaida barabara ya Mombasa inacheza 14 na kitu, ukikanyaga mpaka chini inashuka kwenye 12.8 hivi na gari inaondoka, inaondoka kweli, nilikuwa nimesahau V8 inasikikaje ikipumua vizuri. Kupanda Limuru haikusita mahali. Kile kifundo kidogo cha kwenye kompyuta nilikigeuza kidogo tu kwa ajili ya kunguruma ikiwa imesimama, hicho hakigusi kitu kingine. Mafuta sasa ni kilomita 6 na kitu kwa lita, na kwa gari ya uzito huo na umri huo mimi nimeridhika kabisa.

Mwezi uliopita niliishusha Mombasa na baba ndani, kiti cha nyuma, dirisha wazi. Njia nzima mita ya lambda haikuhama, kutoka 831 mpaka 1,010. Tulipofika Kizingo mzee alitoka nje kabla sijazima, akazunguka nyuma akaweka kiganja kwa ekzosti, akakiangalia, akamwonyesha baba. Kilikuwa safi.

Lile tundu la skrubu nimeliziba na nta mpya, juu yake nikadondosha tone la rangi ya kucha nyekundu ya dada yangu. Mtu akija kuigusa siku moja nitajua.